Je, Wajua? Pampu Inayopiga Hesabu Bila Kompyuta

Je, wajua kwamba Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, ile inayobeba wagonjwa, askari na vipuri katika barabara za vumbi kati ya Kahama, Kakola na Geita, hugawa dizeli mara 100 kila sekunde injini inapozunguka mara 2,000 kwa dakika? Gari likielemewa na mzigo, kila pigo moja la dizeli hiyo halizidi sana tone la maji. Tone hilo halina budi kufika kwenye silinda yake, moja kati ya sita, kwa wakati wake, na kwa kiasi kinacholingana na mguu wa dereva. Kompyuta haihusiki popote katika kazi hiyo.

Kinachopiga hesabu ni chuma. Ndani ya pampu ya 1HZ mna pistoni moja tu, ndogo kuliko kidole, inayozunguka huku ikisukumwa mbele na nyuma na sahani yenye vilima sita. Kila kilima ni pigo moja, na mzunguko ndio unaogeuza tundu la pistoni lielekee bomba la silinda inayofuata. Juu ya pistoni huteleza ringi. Ringi ikisogea upande mmoja dizeli hukatwa mapema na tone huwa dogo, ikisogea upande wa pili tone hukua. Wanaoisogeza ni wawili wanaovutana: springi iliyoungwa na pedeli ya dereva, na vyuma vizito vya gavana ambavyo hutanuka kadiri injini inavyokimbia. Pale wanapotoshana nguvu ndipo kipimo cha dizeli kinapopatikana. Bosch ya Ujerumani iliuleta mfumo huu sokoni katika miaka ya 1970, Denso ya Japani ikautengeneza kwa leseni, na mwaka 1990 Toyota ikaanza kuufunga kwenye 1HZ, injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 130 hivi. Miaka zaidi ya 30 imepita na injini hiyo bado imeendelea kuuzwa Afrika ikiwa mpya.

Waya unaofika kwenye pampu kwa kazi ya kuiendesha ni mmoja: ule wa kufungua dizeli unapowasha na kuifunga unapozima. Waya huo ukikatika njiani, fundi huvuta mwingine moja kwa moja kutoka kwenye betri, na safari inaendelea.

Kwa nini pampu hizi hufa? Sababu ya kwanza ni mafuta yenyewe. Pampu haina oili ya kwake. Dizeli inayopita ndiyo inayoilainisha, na nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Maji kidogo, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, yanatosha kuikwaruza. Wenye magari wa Kanda ya Ziwa waliokuwa barabarani kabla ya 2010 wanaijua hasara hiyo vizuri. Mwaka huo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kutia mafuta alama maalumu ili uchakachuaji ubainike, na katika bajeti ya 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iishe.

Sasa tuje kwenye skurubu. Nyuma ya pampu ipo moja, imekazwa kwa nati na mara nyingi imefungwa kwa lakiri ya kiwandani. Ndiyo inayoweka kikomo cha dizeli pedeli inapofika chini kabisa. Fundi akiizungusha kuingia ndani kidogo, gari linavuta zaidi. Kwa vizazi viwili hivi ndivyo mafundi wetu walivyoongeza nguvu ya gari: spana moja, bisibisi moja, kisha mwendo wa majaribio hadi kwenye kilima na kurudi, macho yakiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa kijivu hafifu unakubalika. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli imezidi hewa, na ile iliyozidi haiongezi nguvu, inaongeza joto. Aliyeng'ang'ania skurubu hiyo kwa sababu mteja anataka gari "liruke" ameshaona pistoni zilizoyeyuka pembeni.

Na hapa mahali penyewe pana neno lake. Mji wa Shinyanga na mji wa Geita iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani ikija huku inatoa dizeli ileile kwa hewa pungufu, na gari linafuka moshi bila kosa la mtu. Baadhi ya pampu za 1HZ hufungwa kifaa chenye kifuko cha chuma chembamba ambacho hutanuka hewa inapopungua na kupunguza dizeli chenyewe. Zisizo nacho humtegemea fundi. Mzee wa gereji wa Kahama anayerudisha skurubu nyuma robo mzunguko kwenye gari lililotoka pwani anafanya fizikia sahihi kabisa, hata kama hajawahi kuiandika.

Mtazame fundi huyo anapotafuta silinda iliyokufa, maana ni katika kazi hiyo ujuzi wake unapoonekana wote. Hafungui kitu kwanza. Anaiacha injini kwenye sailensi na kusikiliza; pigo moja kati ya sita halipo, injini inamisi. Anashika spana na kitambaa, analegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza nusu mzunguko. Dizeli inatoka na povu, injini inayumba, sauti inabadilika: silinda hiyo nzima, anaikaza. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Anafika ya nne, analegeza, dizeli inamwagika na injini haijali. Amekwisha kuipata. Dakika chache zimemtosha, bila umeme, bila vifaa vya bei, na spana boi aliyesimama pembeni amejifunza somo atakalolitumia maisha yake yote.

Lakini somo hilohilo, likipelekwa kwenye gari jipya, linaweza kumkata mkono.

Mwaka 1995 Denso iliweka sokoni, kwenye malori ya Hino, mfumo ambao sasa uko karibu katika kila dizeli mpya: reli ya pamoja. Pampu haigawi tena dizeli. Kazi yake ni kuisukuma na kuijaza kwenye bomba nene, yaani reli, kwa mgandamizo mkubwa, na nozeli zote hunywa humo. Nozeli hufunguliwa kwa umeme, kwa amri ya kompyuta, na huweza kufunguka mara kadhaa katika pigo moja: dizeli kidogo kwanza ili moto uanze taratibu, kisha kiasi kikubwa. Ndiyo maana Hilux na Prado za D-4D, dizeli za reli za Toyota, hazigongi kama mkonga. Nozeli ya 1HZ hufunguka kwa mgandamizo wa bar 150 hivi. Reli za kizazi hicho cha D-4D hufika kama mara kumi ya hapo, na mpya zaidi zimepita bar 2,000. Ukilegeza nati ya reli injini ikiwa inaunguruma, dizeli hutoboa glavu na ngozi kwa pamoja. Jeraha linaonekana dogo tu, la kuchomwa sindano, na mtu anaweza kuendelea na kazi huku dizeli inaua nyama kwa ndani. Anayepatwa na hilo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Kila mwenye gereji awaambie vijana wake hili kabla hajawafundisha jambo lingine lolote kuhusu reli.

Silinda iliyokufa itapatikanaje basi? Kwenye krankishafti kuna gurudumu la meno, na katika injini nyingi za Toyota lina nafasi za meno 36 ambazo mbili zimeachwa wazi makusudi ili kompyuta ijue mzunguko umefika wapi. Sensa huhesabu meno hayo yakipita. Silinda ikiwaka vizuri, krankishafti huongeza mwendo kidogo mno. Silinda ikiwa dhaifu, meno yanayofuata huchelewa. Kompyuta huona kuchelewa huko, ikaiongezea nozeli hiyo dizeli kidogo, ikaipunguzia inayozidi. Masahihisho hayo yanaonekana kwenye skana, nozeli moja moja. Kwa hiyo kompyuta inafanya kazi ileile ya sikio la mzee: inatafuta pigo lililopungua katika mlolongo wa mapigo. Kijana anayeelewa kwa nini mzee alilegeza nati moja moja ataelewa namba hizo mara moja. Asiyeelewa ataona orodha ya tarakimu.

Hapo ndipo ninapoona tatizo la gereji zetu za leo, na silioni kwa wazee. Skana za bei rahisi zimejaa Kahama, Shinyanga na Geita. Plagi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo kuanzia modeli ya 1996, imefanya kusoma gari kuwa kazi ya dakika moja. Skana ikionyesha P0087, ujumbe wake ni kwamba mgandamizo wa reli uko chini. Basi. Haijasema ni chujio lililoziba, bomba linalovuta hewa, valvu ya pampu iliyokwama, pampu iliyochoka, au nozeli zinazorudisha mafuta mengi kwenye tangi. Anayebadilisha nozeli nne kwa sababu ya namba hiyo amekisia kwa fedha ya mtu mwingine. Kipimo kinachofaa kwa injini nyingi za reli ni cha kizamani mno: vipira vinne, chupa nne, kimoja kwenye njia ya kurudishia ya kila nozeli. Unaiacha injini iungurume na kutazama chupa ipi inawahi kujaa. Hiyo ndiyo nozeli mbovu.

Nozeli hizo nazo zina lao. Nyingi zimechapwa namba ndefu kichwani, na namba hiyo ndiyo inayoieleza kompyuta tofauti ndogo ya kiwandani kati ya nozeli moja na nyingine. Ukifunga za mtumba na usiiandikishe namba hiyo kwenye kompyuta, injini inagonga, na mteja anaambiwa nozeli ni feki.

Na kuongeza nguvu? Skurubu imehamia ndani ya kompyuta. Humo mna majedwali: kwa mwendo huu wa injini na pedeli ikiwa hapa, toa dizeli kiasi hiki. Fundi wa laptopu hubadilisha tarakimu za jedwali hilo, na gari linavuta. Anagusa kitu kilekile alichogusa mzee nyuma ya pampu, yaani kikomo cha dizeli, na joto linalofuata ni lilelile. Tofauti ni kwamba mzee alikuwa na moshi wa kumwonya. Dizeli mpya yenye kichujio cha moshi kwenye ekzosi inaweza kuzidishiwa mafuta bila kuonyesha chochote kwa nyuma, mpaka kitu kipasuke.

Sisemi kwamba pampu ya chuma ishinde kila mahali. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi, na Geita Gold Mine, ulioanza na mashimo ya wazi mwaka 2000, nao sasa unachimba chini. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ndani ya handaki, injini inayopima hewa yake na kuchoma dizeli yote ni suala la mapafu ya wafanyakazi, na hapo kompyuta ndiyo yenye haki. Dizeli yenyewe imesaidia: Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilianza kutumia ile yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na bila hiyo vichujio vya ekzosi visingedumu.

Lakini nenda kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu au Lwamgasa, hasa yale ambayo umeme haujayafikia, utakuta injini za Kichina za silinda moja, aina ya S195 na ndugu zake, zikizungusha vinu vya kusagia mawe ya dhahabu. Zina pampu ya chuma, nozeli moja na gavana. Kijana anayezihudumia usiku anajua kutoa hewa kwenye bomba, kusikia nozeli ikilia, na kusoma rangi ya moshi. Hicho ndicho chuo cha kwanza cha umekanika katika ukanda huu, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, inayo njia ya kumpima na kumpa cheti kwa ujuzi aliokwisha kuupata kazini: urasimishaji ujuzi. Naomba vyuo vyake vya mikoa hii viwatafute vijana hao huko karashani, viwape skana na somo la reli juu ya walichonacho, kwa sababu kumfundisha kusoma namba mtu anayeijua injini ni kazi ya majuma, na kumfundisha injini mtu anayejua namba tu ni kazi ya miaka.

Nawe mwenye gari, taa ya injini ikiwaka na ukaambiwa ubadilishe nozeli, usitoe fedha kwa sababu ya namba moja kwenye skrini. Omba uonyeshwe mgandamizo wa reli, masahihisho ya kila nozeli na chupa za kurudisha mafuta. Kabla ya yote hayo, uliza chujio la dizeli lilibadilishwa lini.