Flashi na kamera ya zamani ya filamu: umbali ndio unaoamua picha

Harusi imekwisha, wageni wametawanyika, na mkanda wa filamu umerudi kutoka kusafishwa. Uso wa bibi harusi aliyesimama mbele umefifia na kuwa mweupe kama karatasi, ilhali wazazi wake waliosimama hatua chache nyuma yake wamemezwa na giza. Siku ile haitarudi, na kamera ya filamu haikuwa na kioo cha kumwonyesha mpiga picha kosa lake mapema.

Masikitiko ya namna hii, yaliyozoeleka kwa wazee wa fani, yamewarejea vijana wanaozifufua kamera ndogo za filamu zilizokuwa zimesahaulika kabatini. Mara nyingi lawama hutupiwa kamera au flashi, ingawa vyote viwili huwa vizima. Kilichokosekana ni hesabu fupi ambayo kamera za leo huifanya zenyewe, lakini za zamani zilimwachia mpiga picha.

Kamera isiyoiona flashi

Mfano mzuri ni Olympus Trip 35, kamera ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1984 na kuuzwa kwa mamilioni. Kamera hiyo haitumii betri. Kuizunguka lenzi yake kuna kipima mwanga cha seleni, madini yanayozalisha umeme kidogo yanapopigwa na mwanga, na umeme huo ndio unaoiongoza kamera kuchagua kasi na ukubwa wa tundu la lenzi. Mwanga ukiwa hautoshi, kibendera chekundu hujitokeza ndani ya dirisha la kutazamia na kitufe cha kupigia hukataa kushuka.

Kipima mwanga hicho, hata hivyo, huupima mwanga uliopo kabla ya picha kupigwa. Flashi huwaka kwa muda usiofika hata sehemu ya elfu moja ya sekunde, tena baada ya kamera kuwa imekwisha kuamua. Kwa hiyo anayepachika flashi na kuliacha gurudumu la lenzi kwenye herufi A, yaani mpangilio wa kujiendesha, huiacha kamera ikipima giza la chumba badala ya mwanga utakaokuja.

Njia sahihi ni kuliondoa gurudumu kwenye A na kulipeleka kwenye mojawapo ya namba za tundu la lenzi, zinazoanzia 2.8 hadi 22. Hapo kamera hubaki kwenye kasi moja ya sehemu ya 40 ya sekunde, nayo kazi ya kuchagua tundu huwa ya mpiga picha. Ikumbukwe kwamba namba ndogo humaanisha tundu kubwa, na namba kubwa humaanisha tundu dogo.

Hesabu ya kugawanya mara moja

Kila flashi ina kipimo cha nguvu zake, kinachoitwa namba ya mwongozo. Namba hiyo ikigawanywa kwa umbali kati ya flashi na anayepigwa picha, jibu ndilo namba ya tundu la kutumia.

Tuseme flashi ina namba ya mwongozo 20 kwa mita, na filamu ina wepesi wa 100. Mtu akiwa mita 2.5 mbele, 20 ikigawanywa kwa 2.5 ni 8, na gurudumu hupelekwa kwenye 8. Akiwa mita 5, tundu ni 4. Akiwa mita 7, tundu ni 2.8, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika kamera hiyo. Akizidi hapo, flashi hiyo haimfikii ipasavyo. Filamu ya wepesi wa 400 huiongeza namba ya mwongozo maradufu, kutoka 20 hadi 40.

Flashi nyingi za zamani zina jedwali mgongoni linalotoa majibu hayo. Nyingine zina jicho dogo mbele linalopima mwanga unaorudi na kuizima flashi kwa wakati wake. Hizo humtaka mpiga picha aweke kwenye kamera tundu lile lile lililoandikwa kwenye flashi, na kubaki ndani ya umbali uliotajwa.

Kwa nini walio nyuma hupotea

Mwanga wa flashi hutawanyika kadiri unavyosafiri, na hupungua haraka kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliye mita 4 hapati nusu ya mwanga anaoupata aliye mita 2, bali robo tu. Aliye mita 6 hupata sehemu moja ya tisa. Hakuna tundu moja linaloweza kuwatosheleza wote watatu.

Hiyo ndiyo siri ya picha ya harusi iliyoharibika. Dawa yake ni kuwapanga watu kabla ya kugusa kamera: wasimame bega kwa bega au kwa nusu duara, wote wakiwa karibu umbali mmoja na flashi. Kioo na ukuta wa rangi inayong'aa visiwe moja kwa moja nyuma yao, kwa sababu huurudisha mwanga kwenye lenzi kama doa jeupe.

Ngozi nyeusi na vipimo vya wengine

Lipo jambo jingine linalowagusa moja kwa moja wapiga picha wa Afrika. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha rangi iliyo sahihi, na watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi walitoka wakiwa kivuli chenye macho na meno tu.

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo zaidi, na filamu ya kawaida ya negativi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kwa hiyo, hesabu ikitoa 8, ni busara kulifungua tundu hadi 5.6. Hatua hiyo moja huongeza mwanga maradufu, na sura iliyokuwa ipotee huonekana.

Hatua kama hiyo yahitajika pia nje usiku. Namba ya mwongozo kwa kawaida hukadiriwa kwa chumba chenye kuta na dari zinazorudisha mwanga. Uwanjani hakuna ukuta wala dari, na sehemu ya mwanga hupotea gizani.

Umeme unaobaki baada ya betri kutolewa

Flashi ya zamani huhitaji tahadhari. Ndani yake mna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa takriban volti 300, na umeme huo waweza kubaki hata baada ya betri kutolewa. Asiye fundi asiifungue kamwe. Aidha, baadhi ya flashi hizo hupeleka umeme mkali kwenye kipachiko cha juu ya kamera. Trip 35 huuhimili kwa sababu mtambo wake ni wa chuma na springi, lakini kamera ya kidijitali yaweza kuungua.

Flashi iliyokaa miaka bila kutumika huwekewa betri mpya, ikaachwa ijae taratibu, kisha ikawashwa mara kadhaa ili ipate tena nguvu zake. Wakati wa kazi, taa ndogo ya kuashiria utayari ikiwaka, ni vyema kusubiri sekunde chache zaidi, kwani mara nyingi huwaka kabla kapasita haijajaa.

Jaribio lisilogharimu filamu

Kabla ya siku yenyewe, iko njia ya kujua kama kamera na flashi vinapatana. Mfuniko wa nyuma hufunguliwa kamera ikiwa haina filamu, gurudumu likawekwa kwenye 2.8, na lenzi ikaelekezwa kwenye ukuta mweupe. Mpiga picha huchungulia kwa nyuma huku akibonyeza kitufe. Akiliona duara la mwanga ndani ya lenzi, flashi imewaka wakati tundu liko wazi. Akiona giza, ni afadhali ameliona nyumbani, mkanda wa picha 36 ukiwa bado kwenye kopo lake.