Uwazi Umkabili Mwajiri, Usimwanike Mwombaji

Orodha ya waliopata nafasi za mafunzo ya kazini ikitoka kaunti ya Migori au Homa Bay, haikawii kuenea katika makundi ya WhatsApp ya wahitimu. Kwa mtindo uliozoeleka nchini Kenya, mstari mmoja wa orodha kama hiyo huweza kubeba jina kamili, nambari ya kitambulisho, jinsia, wadi, kabila na hata ulemavu. Hayo yanapita haja ya tangazo. Tapeli akishapata na nambari ya simu, humtajia mhitimu jina lake lote, kitambulisho chake na idara aliyopangiwa, kisha humwambia atume pesa za kufungua faili kwa M-Pesa. Kijana aliyengoja kazi miezi mingi hana sababu ya kumshuku.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakataza habari za faragha za mtu kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data itumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na inahesabu kabila na hali ya afya kuwa data nyeti. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Wapo watakaosema kwamba kuficha ni kuufungulia upendeleo mlango. Hoja hiyo ni nzito, hasa Migori wanakoishi Waluo, Wakuria na Wasuba, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini ziwaendee watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Lakini usawa huo hupimwa kwa jumla: wangapi waliomba, wangapi walichukuliwa kutoka Nyatike, Rongo au Kuria Mashariki, na kwa vigezo gani. Jina la aliyechaguliwa litangazwe, kwa kuwa anaingia ofisi ya umma. Kina Otieno na Achieng ni wengi, lakini nambari ya ombi inatosha kuwatofautisha. Kabila na kitambulisho vibaki kwenye faili, ambako mkaguzi atavikuta. Aliyekosa naye aarifiwe peke yake.

Bodi za utumishi wa umma za kaunti zianze na orodha ijayo: jina, nambari ya ombi, idara, basi.