Asili ya Familia za Longonot: Anzia Kwenye Majina

Familia nyingi zinazoishi chini ya mlima Longonot, kuanzia Mai Mahiu hadi Maiella, zina swali moja lisilojibiwa nyumbani: tulitoka wapi hasa? Vijana huambiwa, "Sisi ni watu wa Murang'a," au, "Guka (babu) alikuja kufanya kazi kwa mzungu," na habari inaishia hapo. Wengi hukata tamaa wakikosa cheti cha kuzaliwa cha babu. Hicho si cha kutafuta kwanza. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo kwa Waafrika ulianza kusambazwa wilaya kwa wilaya mwaka 1963, na ukaenea nchi nzima 1971. Wazee wetu walizaliwa kabla yake.

Katika bonde la mashambani huko Italia, mwenye kutafuta asili yake huenda parokiani. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki uliweka sheria ya vitabu vya ubatizo na ndoa mwaka 1563, kwa hiyo zipo familia zinazoweza kurudi nyuma karne nne bila kutoka kijijini. Sisi tuna njia nyingine, na kwa familia za Wakikuyu njia hiyo imo katika majina yenyewe.

Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Tuseme cucu (nyanya) wako anakumbuka tu kwamba baba yake aliitwa Kamau, na kwamba kwao walizaliwa Njoroge, Mwangi, Wanjiku na Nyambura. Andika majina hayo kwa mpangilio wa kuzaliwa. Papo hapo umewapata babu na nyanya zake wote wanne: Njoroge na Wanjiku upande wa baba, Mwangi na Nyambura upande wa mama. Huenda walizaliwa katika karne ya 19, na hukuhitaji karatasi hata moja.

Sharti ni kuuliza pia kuhusu watoto waliofariki wachanga. Ukimruka mmoja, babu mzaa mama atageuka mzaa baba. Jihadhari na boma lenye wake wengi, kwani kila mke humpa mwanawe wa kwanza jina lile lile la babu. Halafu majina hurudi: Kamau wa Njoroge anaweza kuwa na mjukuu anayeitwa Kamau wa Njoroge. Kuwatenganisha, uliza rika. Mtu wa rika la Forty alitahiriwa mnamo 1940, kwa hiyo kwa kawaida alizaliwa miaka ya 1920. Mwisho uliza ukoo na mbari (tawi la ukoo), maana mbari nyingi zina jina la mwanzilishi wake na ardhi inayojulikana huko Murang'a, Nyeri au Kiambu.

Ukishapata majina, ndipo karatasi zinapokuwa na maana. Kumbuka historia ya bonde hili la Longonot. Wamaasai waliokuwa wakilisha hapa waliondolewa kwa mkataba wa 1904, walowezi wakachukua ardhi, na wafanyakazi wakashuka kutoka nyanda za juu na familia na mbuzi wao. Sheria ya 1918 ilimlazimu skwota, yaani mfanyakazi aliyeishi shambani na familia yake, kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Kuanzia 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alibeba kipande, yaani kitambulisho, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Humo mliandikwa jina lake, wilaya, lokesheni, alama za vidole na waajiri wake. Kama kipande cha guka kimebaki sandukuni, lokesheni iliyoandikwa humo ndiyo ya kuendea.

Fuata kanisa. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, wakapokelewa na chifu Karuri, na desturi ya vitabu vya parokia ikaja nao. Kitabu cha ubatizo hutaja wazazi na wasimamizi, na pembeni huongezwa ndoa hata ikifungwa parokia nyingine. Ndoa iliyofungwa Naivasha inaweza kukuonyesha parokia alikobatizwa bwana harusi. Makanisa ya Anglikana na Presbiteri (PCEA) nayo yana rejista zake.

Kipindi kigumu ni baada ya Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na maelfu ya Wakikuyu wakafukuzwa kutoka Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Waliorejea, wengine walirejea kwa vyama vya kununua mashamba baada ya uhuru. Hapo msaada ni rejista za ardhi zilizoanzishwa Mkoa wa Kati miaka ya 1950, zinazoonyesha mwenye shamba wa kwanza, pamoja na ripoti za wilaya ya Naivasha zilizomo katika Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Ripoti hizo hazitaji sana watu wa kawaida, lakini zinaeleza watu walihamishwa lini na kwa nini.

Familia nyingi zilipoteza karatasi katika machafuko ya uchaguzi ya 1992 na 2007, na kwao kumbukumbu ya wazee ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo mtembelee mzee kwanza, mrekodi kwa simu, andika kila jina na nafasi yake ya kuzaliwa, kisha wape ndugu wengine nakala. Parokia na ofisi za ardhi zitafuata, na utakapofika huko utakuwa unajua unamtafuta nani.