Bomba Hupasuka Kabla Hujaona Tone

Februari 2021, dhoruba ya baridi kali ilipoikumba Texas, siku ya tatu bila umeme, jua lilichomoza Dallas tukamshukuru Mungu. Saa chache baadaye tukasikia maji darini. Dari ya sebule ilivimba kama andazi kwenye mafuta, kisha ikaporomokea kochi. Nikakimbilia jikoni kufunga koki. Koki zote zilikuwa zimefungwa. Maji yakamwagika karibu saa nzima, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua valvu kuu iko wapi.

Huko tulikotoka tumekulia kwenye maji ya tangi. Tangi likiwekwa mita tano juu, msukumo wake ni kama nusu ba kwa kipimo cha shinikizo, na likiisha, limeisha. Huku bomba la jiji linasukuma kwa ba tatu hadi tano, mchana na usiku, na halikatiki lenyewe. Ukisubiri yaishe, nyumba ndiyo itakayoisha.

Lakini kwa nini bomba lilipasuka? Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu hulipasua bomba pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba njia, na kadiri inavyokua husukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabonyei. Shinikizo hupanda mpaka bomba lichanike penye udhaifu, pengine mbali kabisa na barafu. Wakati huo huoni kitu, kwa sababu kizibo bado kipo. Kikiyeyuka ndipo yanakuja. Ndiyo sababu wenyeji huacha koki ichuruzike kidogo usiku wa baridi kali: shinikizo lipate pa kutokea.

Nyumba nyingi za Texas zilijengwa kukabili joto, na mabomba hupita darini au kwenye kuta za nje. Tarehe 16 ya mwezi ule Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Kati ya vifo 246 ambavyo jimbo liliorodhesha kutokana na dhoruba ile, 19 vilisababishwa na gesi ya kaboni monoksidi. Umeme ukikatika, mkono wetu sisi huenda kwenye mkaa. Nakuomba, ndugu yangu, jiko lisiingie ndani, wala lisiwashwe gereji, hata mlango ukiwa wazi. Hata huko tulikotoka, sehemu za baridi, jiko limeua watu usingizini. Na nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Gesi hiyo haina harufu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikikushika, tokeni nje wote kwanza, kisha pigeni 911.

Turudi kwenye bomba. Ukipanga ghorofani, uliza leo namba ya fundi wa zamu, si usiku wa tukio. Ukiwa na nyumba yako, tafuta kasha la mita ardhini karibu na barabara. Mara nyingi valvu imo humo, na hufungwa kwa chuma chenye umbo la T. Ukishaifunga, zima hita ya maji, halafu fungua koki ya chini kabisa maji yaliyobaki yatoke.

Chuma chetu kinaning'inia nyuma ya mlango. Binti yangu wa miaka tisa ameshafanya mazoezi mara mbili. Nguvu zake zinatosha.