Mizani ya Majani Chai na Mizani ya Kompyuta

Kwenye vituo vya kuuzia majani chai kaunti ya Nyamira, mkulima hutundika mzigo wake kwenye mizani ya kielektroniki, karani akasoma kilo, na risiti ikatoka papo hapo. Kilo zikionekana kupungua, mkulima hupaza sauti pale pale, mbele ya majirani waliopanga foleni, na kituo kina kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe. Hajui nyaya zilizomo ndani ya ile mizani, wala hana haja ya kuzijua. Anachojua ni uzito wa majani aliyoyabeba kutoka shambani. Nionavyo mimi, usimamizi wa akili unde nchini mwetu hautakuwa umemshirikisha mwananchi mpaka ufike kiwango cha kituo hicho.

Maana kompyuta tayari inatupima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mtu asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu kaya yake: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mifugo ipo au haipo. Kutokana na majibu hayo, mfumo hukadiria kipato chake na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Uite akili unde au uite hesabu ya kawaida, kinachofanyika ni kukisia maisha ya mtu kwa dalili, na dalili hupotosha. Mkulima wa Sironga, huko huko Nyamira, aweza kuwa ameezeka nyumba kwa bonasi ya mwaka ambao chai ilikuwa na bei, na mwaka huu bonasi yote imekwenda kwenye karo. Bati bado linang'aa, mfukoni hamna kitu. Risiti ya kumwonyesha ni jibu lipi lililompandishia mchango iko wapi?

Kilio cha kuachwa nje kinasikika duniani kote. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya Septemba 2024 ilichunguza mipango saba mikubwa ya kimataifa ya kusimamia akili unde, ikakuta nchi 7 tu ndizo zilizoshiriki yote, na nchi 118, nyingi zikiwa maskini, hazikushiriki hata mmoja. Ni haki tudai viti kwenye meza hizo. Lakini kiti cha Mkenya kwenye meza za ng'ambo hakimfikishii mkulima maelezo. Kenya ilizindua mkakati wake wa akili unde Machi 2025, na Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji. Basi maelezo ya uamuzi wa mashine yatolewe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mkulima huyo, Ekegusii, tena kwenye baraza la chifu, ambako mama mzee aweza kusimama na kuuliza.

Wapo wanaosema sheria zitafukuza wawekezaji, eti nchi maskini itumie kwanza, idhibiti baadaye. Wakumbuke Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha mboni za macho ya Wakenya na kuwalipa kwa sarafu ya kidijitali. Serikali iliwasimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kesi hiyo ilipata mguu wa kusimamia kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilikuwepo kabla. Tungengoja, picha za mboni zingebaki mikononi mwao na mahakama isingekuwa na la kushika. Wengine husema mwananchi wa kawaida haelewi mitambo hii. Hao nawarudisha kwenye mizani ya chai.

Sheria hiyo ya 2019, kifungu cha 35, inasema mtu akiamuliwa jambo zito na mashine peke yake, ajulishwe kwa maandishi, naye aweza kuomba uamuzi uangaliwe upya na binadamu. Ina mianya yake, hasa pale sheria nyingine inaporuhusu uamuzi wa namna hiyo, ingawa hata hapo inadai haki za mhusika zilindwe. Msomaji uliyepangiwa mchango usioelewa ulikotoka, andika barua uulize. Ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.