Si lazima kununua kadi mpya Wi-Fi inapogoma katika Linux

WAMILIKI wa vipakatalishi vya zamani walijikuta njia panda mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kuuhudumia mfumo wa Windows 10 kwa njia ya kawaida. Mashine nyingi za mitumba hazitimizi masharti ya Windows 11, na baadhi ya wenyewe wameamua kuzifufua kwa Linux, mfumo huria usiolipiwa ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi nchini Finland.

Hata hivyo, furaha ya kupata mfumo mpya wakati mwingine hukatizwa na kero moja. Skrini inawaka vizuri na kibodi inaitika, lakini orodha ya mitandao ya Wi-Fi haionekani. Mwenye mashine hudhani kadi imeungua, na akimwendea fundi asiye na subira huuziwa nyingine. Aghalabu pesa hizo hupotea bure. Kadi ni nzima. Kinachokosekana ni draiva.

Draiva ni programu ndogo iliyo kama mkalimani kati ya kiini cha mfumo na kifaa. Bila mkalimani huyo, kadi ipo lakini haielewi inachoambiwa. Kwa miaka mingi, watengenezaji wa kadi walitunga draiva za Windows na kuficha siri za vifaa vyao, hivyo waandishi wa Linux wakalazimika kubahatisha. Kampuni ya Broadcom, ambayo kadi zake zimo katika vipakatalishi vingi vya zamani, ilitoa draiva huria mwezi wa Septemba 2010, na hata hiyo haikuhusu kadi zake zote.

Kuna pia kadi, zikiwemo za Intel, ambazo draiva yake tayari imo ndani ya Linux lakini haziamki mpaka zipewe faili maalumu ya mtengenezaji. Mfumo wa Debian, kwa kuzingatia kanuni za programu huria, haukuziweka faili za aina hiyo katika diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12 lilipotoka Juni 2023.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba Wi-Fi haijazimwa. Vipakatalishi vingi vina swichi pembeni au kitufe cha kibodi cha kazi hiyo. Amri ya "rfkill list" huonyesha iwapo kadi imefungwa, na "rfkill unblock wifi" huifungua ikiwa haikufungwa kwa swichi.

Hatua ya pili ni kuitambua kadi. Amri ya "lspci -nn" hutaja kampuni iliyoitengeneza pamoja na nambari zake. Kwa kadi inayochomekwa kwenye tundu la USB, amri ni "lsusb". Nambari hizo ndizo za kutegemewa, kwa sababu vipakatalishi viwili vya jina moja vinaweza kuwa na kadi tofauti.

Hapo mtumiaji hukwama: draiva iko kwenye intaneti, nayo intaneti haipatikani bila draiva. Suluhu imo mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa na kipakatalishi kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, Linux huiona kama waya wa kawaida wa mtandao.

Baada ya hapo, mfumo wa Ubuntu una sehemu ya draiva za ziada inayopendekeza ile inayofaa. Kwa kadi nyingi za Broadcom, amri ya "sudo apt install bcmwl-kernel-source" hutosha. Kwa kadi nyingine, dawa ni kupata kiini kipya zaidi. Kwa mfano, kiini cha 6.2 kilichotolewa Februari 2023 kilianza kuzikubali kadi kadhaa za USB za Realtek.

Jambo moja huwaponza wengi. Mashine ambayo ulinzi wa Secure Boot umewashwa hukataa draiva isiyotiwa sahihi inayotambulika. Ubuntu humtaka mtumiaji abuni nenosiri, kisha mashine inapowaka upya hutokea ukurasa wa samawati unaolidai nenosiri hilo. Anayeupita ukurasa huo bila kuusoma hubaki bila Wi-Fi, ingawa draiva imo ndani.

Kinga, hata hivyo, ni bora kuliko tiba. Mifumo mingi ya Linux huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwa kidude cha USB bila kugusa diski ya mashine. Ikiwa Wi-Fi itashika katika jaribio hilo, kwa kawaida itashika pia baada ya kusakinisha. Ikigoma, mwenye mashine atakuwa ameijua kadi yake mapema, kabla ya kufuta mfumo wa zamani na kabla ya kufungua kibeti.