Rababendi na Siri ya Mvuto Wake

Rababendi, itokanayo na utomvu wa mti wa mpira uliogemwa na kugandishwa, ni kifaa duni kwa bei lakini si kwa elimu iliyomo ndani yake. Mpira mbichi haukufaa kufungia chochote, kwa kuwa hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupikwa, kasoro hizo huondoka. Na tarehe 17 Machi 1845, Stephen Perry wa London alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mikanda ya mpira uliopikwa hivyo. Viwandani, mchanganyiko huo husukumwa ukawa bomba jembamba, hupikwa, kisha bomba hukatwakatwa vipande.

Ajabu kubwa ya rababendi ni tabia yake mbele ya joto. Waya wa chuma ulioning'inizwa uzito hurefuka ukipashwa moto, ilhali rababendi iliyobeba uzito hufupika na kuunyanyua. Sababu ni kwamba molekuli za mpira, yaani chembe zake ndogo kabisa, ni ndefu mno na zimejikunja ovyo kama nyuzi zilizotatana. Kuvuta huzinyoosha na kuzipanga, nalo joto huzitikisa zirudie mkunjo wake, huku salfa ikiziunganisha zisiteleze na kuachana. Aliyelichunguza jambo hili mapema ni John Gough, Mwingereza kipofu, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1805, na huenda upofu ndio ulionoa hisia yake ya mguso. Msomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe: rababendi pana ikivutwa ghafla na kugusishwa mdomoni huhisiwa ina uvuguvugu, na ikilegezwa hupoa.

Mvuto huo usiokoma wa mpira kurudia mkunjo wake ndio unaotumiwa na madaktari wa meno kusogeza meno yaliyopinda, na wafugaji kuhasi wanakondoo kwa pete nene za mpira zinazozuia damu kupita. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto asiachwe avae rababendi inayobana kidoleni au mkononi. Rababendi ambazo hazijatumika zihifadhiwe gizani, mahali pa baridi, mbali na mafuta, kwani jua na hewa hukata minyororo ya molekuli zake zikapasuka kabla ya kutumika.